Faida ya Shaka Bado Ipo, Ila Imeshuka Chini

Tarehe 5 Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Bufkin dhidi ya Collins, na kabla jua halijazama makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki waliowahi kuvaa gwanda la jeshi la Marekani yalikuwa yamegeuka matanga. Ujumbe uliozunguka ulikuwa mmoja: wamefuta faida ya shaka, veterani akikataliwa fidia ya ulemavu basi tena. Nimeisoma hukumu hiyo na nasema ujumbe huo si sahihi, na kosa lake ni la hatari kwa sababu linawafanya watu wakate tamaa mahali pasipofaa na kuweka matumaini mahali pasipofaa. Kanuni ya kwamba ushahidi ukilingana pande zote mbili veterani ndiye ashinde haikuguswa. Kilichoamuliwa ni nani ana neno la mwisho katika kupima kama ushahidi umelingana, na mahakama ikasema ni wale walio chini: ofisi inayoamua dai na Bodi ya Rufaa za Maveterani. Kwa hiyo rufaa ya fidia sasa, kuliko wakati wowote uliopita, inashinda au kushindwa kwenye faili, miaka mingi kabla jaji yeyote hajaliona.

Kwanza niseme kwa nini jambo la Washington linamhusu msomaji wa Kiswahili. Kuanzia 2009 mpango wa jeshi ulioitwa MAVNI uliwaruhusu wahamiaji wenye viza halali tu, wasio na kadi ya kijani, kujiunga na jeshi ikiwa walikuwa na taaluma ya tiba au walizungumza lugha iliyohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Usajili wake ulisimama 2016. Pamoja na waliojiunga kwa kadi ya kijani, Wakenya na Watanzania wengi wakapata uraia kwa njia ya buti. Leo wengi wao wamevuka miaka thelathini na mitano. Magoti yameanza kuuma, mgongo unalia ukiinuka kitandani, na masikio yana mlio usiokoma, ambao kwa taarifa yako ndio ulemavu unaolipwa kwa veterani wengi kuliko mwingine wowote nchini humo. Baadhi wamesharudi kuishi Eldoret au Arusha, nao hawajui kwamba fidia hulipwa popote duniani na kwamba madai ya walio nje, Afrika ikiwemo, hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh.

Dai lenyewe husimama kwa mafiga matatu: ugonjwa au ulemavu ulio nao sasa, tukio au jeraha lililotokea ukiwa jeshini, na maoni ya kitabibu yanayounganisha hivyo viwili. Kipimo cha muungano huo ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Daktari hatakiwi kusema ana uhakika. Inatosha aseme uwezekano wa kwamba jeshi ndilo chanzo ni angalau sawa na uwezekano wa kwamba silo. Nusu kwa nusu, veterani anashinda. Baada ya hapo Wizara ya Maveterani, ambayo kila mtu huiita VA, hupanga asilimia kutoka 0 hadi 100, na hesabu yake ina ukaidi wake: ukiwa na 50 na 30 hupati 80, bali ile 30 inakatwa kwenye nusu ya mwili iliyobaki nzima, unapata 65, inapandishwa kuwa 70. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi kwa asiye na mtegemezi, na asilimia 100 dola 3,831.30, bila kodi. Pengo hilo ndilo linalofanya watu wapambane. Kuna mwenye 90 aliyekuwa akipokea dola 2,297.96, na hatua moja tu juu yake ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,500 kila mwezi.

Wanaodhani mahakama ndiyo kimbilio la kale la askari hawajui historia. Toka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, wakili aliyemsaidia askari kudai fidia alizuiwa kutoza zaidi ya dola 10, na kiwango hicho kilibaki karibu hivyo hadi 1988. Kwa muda wote huo uamuzi wa wizara haukuweza kupelekwa mahakamani kwa njia ya kawaida. Mwaka 1988 ndipo Bunge lilipounda Mahakama ya Rufaa za Maveterani. Hata hivyo mfumo uliofuata ulifanana na ngamia wa kinu cha mafuta: dai linatoka ofisini, linakwenda Bodi, linarudishwa kwa uchunguzi zaidi, linarudi Bodi, linapanda mahakamani, linashushwa tena, na mzee aliyeanza akiwa na mvi chache anazikwa kabla duara halijakamilika. Sheria ya Agosti 2017, iliyoanza kutumika 19 Februari 2019, ilivunja kinu hicho na kufungua njia tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unaohusika, unafungua dai la nyongeza. Ukiona ushahidi uliopo unatosha ila ulisomwa vibaya, unaomba mapitio ya ngazi ya juu, ambako afisa mwandamizi analisoma faili lilelile bila karatasi mpya, na unaweza kuomba akupigie simu umwoneshe kosa liko wapi. Au unakwenda Bodi, ukichagua kusomwa faili tu, kuongeza ushahidi ndani ya siku 90, au kusikilizwa na jaji wa Bodi.

Sasa turudi kwa Bufkin. Yeye alitumikia jeshi la anga 2005 hadi 2006 na akadai fidia ya PTSD, yaani maradhi ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha. Madaktari wakatofautiana kama anao ugonjwa huo au la. Mwenzake katika kesi, Thornton, aliyekuwa jeshini wakati wa vita vya Ghuba, alikuwa na asilimia 50 akitaka zaidi. Hoja yao ilitegemea sheria ya 2002 iliyoitaka Mahakama ya Rufaa za Maveterani izingatie ipasavyo jinsi wizara ilivyotumia faida ya shaka. Wakasema maana yake ni kwamba mahakama ipime ushahidi upya, kwa macho yake yenyewe. Jaji Clarence Thomas, akiandika kwa niaba ya majaji saba, akakataa: kuamua kama ushahidi umelingana ni kuamua ukweli wa mambo, na ukweli wa mambo haugeuzwi na mahakama ya rufaa isipokuwa kuna kosa la wazi. Jaji Ketanji Brown Jackson alipinga, akiungwa mkono na Neil Gorsuch, watu wawili ambao si kawaida kuwakuta kitanda kimoja. Hoja yao ilikuwa rahisi: Bunge lilitunga kifungu kile 2002 kwa sababu liliona mahakama inapiga muhuri tu, na sasa wenzetu mnatuambia kifungu hicho hakikubadilisha kitu? Kwa upande wa kusoma sheria, nakiri hoja ya Jackson inaniingia zaidi. Bunge halikai kikao na kutunga maneno ili yasifanye kazi.

Lakini walio wengi nao wana hoja yenye uzito, na haifai kuipuuza kwa sababu tu imetuuma. Mahakama ya Rufaa za Maveterani ina majaji wachache na hupokea maelfu ya kesi kwa mwaka. Haimwoni shahidi wala haisikii sauti ya mke anayeeleza jinsi mumewe anavyoamka usiku akipiga ukuta. Inasoma karatasi. Kuipa kazi ya kupima upya kila faili kungemwongezea veterani foleni nyingine, na foleni ndiyo iliyowaua wengi kabla ya 2019. Tena tuangalie jambo ambalo waliolia kwenye WhatsApp hawakulitaja: kesi nyingi zinazoshinda mahakamani hazishindi kwa sababu jaji alipima mizani akaona imelingana. Zinashinda kwa sababu Bodi haikueleza sababu za uamuzi wake kama sheria inavyoitaka, au iliruka ushahidi uliokuwa mezani, au ilitegemea uchunguzi wa daktari usiokamilika. Hayo ni makosa ya sheria, na hukumu ya Bufkin haikuyagusa. Sehemu kubwa ya kesi zinazofika huko hurudishwa Bodi kwa namna moja au nyingine, mara nyingi wanasheria wa wizara wenyewe wakikubali kwamba kazi ilifanywa vibaya. Mlango huo uko wazi kama ulivyokuwa. Unachohitaji ni faili lenye kitu cha kurukwa. Bodi haiwezi kulaumiwa kwa kupuuza ushahidi ambao hukuuweka.

Upande wa pili wa mjadala uko wanaosema tatizo ni kinyume kabisa, kwamba fidia imekuwa shamba la bibi. Mwaka huohuo wa 2025 gazeti la Washington Post lilichapisha mfululizo wa habari kuhusu madai ya uongo na yaliyotiwa chumvi, na tangu hapo kila anayekata rufaa anatazamwa kama mwizi aliyerudi dirishani. Udanganyifu upo, palipo na fedha za umma na zaidi ya watu milioni 6 wanaolipwa, ungekuwa muujiza usiwepo. Ila kuruka kutoka hapo hadi kusema aliyekataliwa alikataliwa kwa haki, na anayekata rufaa anajaribu bahati ya pili, ndiyo hoja dhaifu kuliko zote nilizozisikia. Taarifa za Bodi yenyewe za mwaka hadi mwaka zinaonesha kwamba maamuzi ya kukataa moja kwa moja huwa chini ya nusu. Mengine hukubaliwa au kurudishwa kwa sababu ofisi ya chini haikutimiza wajibu wake. Kama nusu ya magari yanayotoka gereji yanarudi na hitilafu ileile, mwenye akili hawashuku madereva. Na mwongo, kwa kawaida yake, hapendi kufunguliwa faili mara ya tatu mbele ya jaji akiwa chini ya kiapo.

Faili huharibika wapi? Jibu langu, kwa watu wetu, ni kwenye salamu. Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, alihudumu miaka sita na kuteguka goti akishuka kwenye lori usiku. Siku ya uchunguzi wa fidia daktari wa mkataba alimwuliza hali yake, naye akajibu kama alivyolelewa: njema. Mswahili hata akiwa na maiti ndani huanza na njema, kisha anavuta pumzi, kisha anasema ila. Yule daktari hakuingoja ila. Aliandika kwamba mgonjwa anasema hajambo, akapima goti likiwa limepumzika tangu asubuhi, na kwa dakika chache tu uchunguzi ukawa umekwisha. Barua ya kukataliwa ilinukuu neno hilo. Si mzaha. Kuna tabaka zima la askari waliofunzwa nyumbani kwamba kulalamika ni utovu wa adabu, kisha wakafunzwa kambini kwamba anayekwenda kliniki kila wiki ni mzembe, halafu mwisho wa safari wanakutana na mfumo unaodai karatasi za kliniki. Kwenye magonjwa ya akili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kumwambia mgeni kwamba huwezi kulala bila taa ni aibu inayovuka bahari na mtu.

Hapa ndipo wengi husema basi, hakuna karatasi, hakuna dai. Si kweli, na sheria yenyewe imesema si kweli. Katika kesi ya Buchanan ya 2006 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliamua kwamba kukosekana kwa rekodi za hospitali za wakati ule, peke yake, si sababu ya kulikataa neno la veterani na la waliokuwa naye. Mtu asiye daktari hawezi kusema una ugonjwa gani wa mishipa, lakini anaweza kusema alichokiona: kwamba ulirudi bwenini ukichechemea, kwamba toka mwaka fulani huwezi kupiga magoti msikitini au kanisani bila kushika kiti, kwamba simu ikilia unaruka. Maelezo ya askari mwenzako, ya mke, ya jirani wa zamani, ni ushahidi unaopaswa kupimwa na kujibiwa. Na VA ikishakupa daktari, uchunguzi wake lazima utosheleze. Hayo yalisemwa katika kesi ya Barr ya 2007. Uzito wa maoni ya kitabibu uko kwenye maelezo yake, si kwenye wingi wa vyeti vya aliyeyaandika. Daktari aliyeandika sentensi moja kwamba goti halihusiani na jeshi, bila kusema kwa nini, amekupa silaha ya rufaa bila kujua. Vilevile 2018, katika kesi ya Saunders, iliamuliwa kwamba maumivu yenyewe, hata bila jina la ugonjwa, yanaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu yakipunguza uwezo wa kiungo kufanya kazi. Na goti likiharibu nyonga kwa sababu unatembea upande, nyonga nayo inadaiwa kama mtoto wa goti.

Kwa magonjwa fulani figa la tatu unapewa bure. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 inawaondolea waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka mzigo wa kuthibitisha chanzo cha aina kadhaa za saratani na magonjwa ya mapafu, ikiwa walihudumu katika nchi zilizotajwa. Kwetu hili lina uzito wake: Somalia imo, kwa waliokuwepo kuanzia Agosti 1990, na Jibuti imo kwa waliokuwepo kuanzia 11 Septemba 2001. Oman, Qatar na Bahrain zimo pia. Nimekutana na watu waliokataliwa kabla ya 2022 wakaliweka kando wakiamini mlango umefungwa, ilhali mabadiliko ya sheria yanatosha kulirudisha dai mezani.

Kwenye pengo la kutojua wameingia vishoka. Wawakilishi wenye leseni ya wizara hawaruhusiwi kutoza hata senti kwa dai la kwanza, na vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion huwakilisha bure hadi kwenye rufaa. Wakili anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, na ada ya asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Lakini tangu 2006 Bunge lilipoondoa adhabu ya jinai kwa wanaotoza kinyume cha sheria, kampuni zisizo na leseni zimechipuka, zinajiita washauri, na hutaka mteja asaini kulipa ongezeko lake la miezi kadhaa. Watetezi wao husema veterani ni mtu mzima, ana haki ya kulipia huduma anayoitaka, na vyama vya bure vimeelemewa. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni kweli tupu. Ila kishoka hawezi kusimama mbele ya Bodi kwa niaba yako, na baada ya Bufkin huko chini ndiko anakohitajika mtu anayeweza kusimama. Unalipa dalali wa kukuandikia barua, siku ya kikao unabaki peke yako.

Nini kifuatie? Bunge likitaka, linaweza kuandika upya kifungu cha 2002 kwa maneno ambayo hata Jaji Thomas hatayakwepa, na ningelipigia makofi. Ila kama ningekuwa na kura moja tu ningeipeleka kwenye uchunguzi wa daktari: muda wa kutosha, swali la siku mbaya na si la siku ya leo tu, na haki ya kuisoma ripoti kabla uamuzi haujatoka. Rafiki yangu wa Tanga hakukata rufaa popote pa juu. Alifungua dai la nyongeza lenye kurasa mbili za mkewe, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kutafsiriwa na mpwa wake, pamoja na maelezo ya sajenti aliyekuwa kwenye lori lile, na akaitwa kwa daktari mwingine.

Yote haya yanasimama juu ya kalenda, na kalenda ya VA haina huruma. Una mwaka mmoja tangu barua ya uamuzi kuchagua njia mojawapo kati ya zile tatu. Ukiutumia, ushindi wa miaka minne baadaye bado utalipwa kuanzia tarehe ya dai la kwanza, ukiupitisha unaanza upya na malimbikizo yamekwenda. Kutoka Bodi kwenda mahakamani ni siku 120. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilikubali, katika kesi ya Henderson, mpiganaji wa vita vya Korea aliyechelewa siku 15 kwa sababu ya ugonjwa wa akili, kwamba muda huo si ukuta usiopitika. Lakini 2023, katika kesi ya Arellano, majaji wote walikataa kurudisha nyuma tarehe ya malipo ya mtu aliyeachishwa jeshi 1981 na kudai miaka thelathini baadaye, japo alisema maradhi yake ndiyo yaliyomzuia. Kwa aliyerudi nyumbani, tarehe inayohesabiwa ni ile iliyochapwa juu ya barua, si siku bahasha ilipofika posta ya Tanga.